Viazi vya Getruda na Mashine ya Upepo

Getruda wa Isevya hakuwa mtu wa kushindwa na kiazi. Hilo tuliweke wazi mapema, maana wapo watu pale mtaani wanaoisimulia habari hii kana kwamba yule mama hajui jikoni, na watu haohao wamekula kwake kwenye kila kipaimara na kila harusi, wakashiba, wakabeba na mifuko. Mwanamke huyu amesonga ugali wa msiba kwa mwiko mrefu kuliko mimi. Na kwa miaka yote aliyokaa na mumewe Ambrosi, asubuhi yao ilikuwa ileile: chai ya maziwa yenye tangawizi, na viazi ulaya vilivyokaangwa mpaka vikalia mdomoni. Ambrosi alikuwa fundi wa reli, mtu wa kuamka kabla ya majogoo, na alipenda kuwaambia wenzake kwamba treni ya Kigoma inatembea kwa nguvu ya viazi vya mkewe.

Basi Ambrosi akastaafu, na presha nayo ikaja kumtembelea, ikaona nyumba ni nzuri, ikakaa. Daktari akamwambia mambo mawili tu: aache vyakula vya mafuta mengi, na atembee kila asubuhi. Getruda akalishika la kwanza kwa mikono miwili. Ambrosi akalishika la pili.

Tangu siku hiyo dumu la mafuta lilihamia uvunguni mwa kitanda, upande wa Getruda, na mezani vikaja viazi vya kuchemsha. Vitupu. Vyeupe. Getruda alikuwa hakai kula. Alisimama kando ya meza na mikono ameifunga kifuani, anakagua kila tonge linavyoshuka. Mumewe akitafuna polepole, anaulizwa anaumwa wapi. Akitafuna haraka, anaambiwa atapaliwa. Akikohoa kidogo tu, mwenzake keshaikamata simu. Ambrosi alikuwa akimaliza viazi vyake viwili, anashukuru kwa heshima zote, kisha anatoa raba zake akatembee kama daktari alivyoagiza.

Na alitembea kweli, msimwonee. Alitembea mpaka kona ya barabara, kwenye kibanda cha Zamda.

Huyu Zamda ni Mzaramo. Aliletwa Tabora na mume dereva wa malori. Mume akaendelea na safari, Zamda akabaki na karai. Kila asubuhi anakaanga viazi kwa mafuta ya kuogelea, na moshi wake unawafikia hata waliofunga madirisha. Sasa Mzaramo na Mnyamwezi kama Getruda ni watani tangu enzi za misafara, tangu babu zetu walipokuwa wanashuka pwani na pembe za ndovu vichwani, na mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu wa damu hana. Mtani atakuita mtumwa wake, atachukua kuku wako bandani, atamwita mumeo mume wake mbele ya mchungaji na paroko, nawe huna pa kushtaki. Dawa ya utani ni utani. Anayenuna ameshindwa, na mtaa mzima utajua kwamba ameshindwa.

Getruda aliigundua safari ile kwa masharubu. Mumewe alitoka nayo makavu, akarudi nayo yanang'aa. Masharubu ya mstaafu hayang'ai bila sababu. Akamsogelea kama anayetaka kumfuta vumbi, akavuta pumzi, akapata habari zote, mpaka ile ya pilipili. Ambrosi naye akasema leo jua limemchoma sana usoni.

Kama kungekuwa na siri hapo, Zamda asingeiacha ilale. Asubuhi iliyofuata alipaza sauti kutoka kwenye karai lake, barabara nzima inasikia: "Mke mwenzangu, mume wetu leo kala sahani mbili kwangu. Mchana usijisumbue." Watu wakacheka, bodaboda wakapiga honi. Zamani Getruda angemjibu jibu la kuanguka nalo chini. Alikuwa hodari wa utani kuliko wote pale Isevya. Aliwahi kumvua Zamda kilemba sokoni na kukifunga kichwani mwa mbuzi. Safari hii alicheka meno tu, akaingia ndani, akanuna mpaka jioni.

Na sababu yake niiseme, maana nisipoisema mtamwona ana wivu wa bure. Ambrosi alikuwa na kaka yake, Valentino, aliyebaki kijijini kwao Lusu akilima. Presha ileile. Mwaka juzi Valentino aliamka asubuhi mzima wa afya, akakaa kwenye kigoda afunge kamba za viatu aende shamba, akafunga kiatu kimoja. Cha pili hakukifikia. Getruda ndiye aliyevivua viatu vile, kimoja kimefungwa na kingine wazi, na tangu hapo hakuweza kumwona mumewe akiinama. Kila asubuhi alipiga magoti akamfunga raba yeye mwenyewe, mzee mzima, mbele ya wapita njia. Alimpenda mwanaume yule na alikuwa anaogopa usiku na mchana. Kila kiazi cha Zamda alikiona kama msumari, na alijua ni msumari wa kitu gani.

Ndipo binti yao Elieth, anayefanya kazi Dar es Salaam, akasikia kilio cha mama yake kwenye simu, akatuma mzigo kwa basi. Ndani ya boksi mlikuwa na mashine nyeusi yenye droo tumboni. Eafraya. Elieth akaeleza kwamba inakaanga kwa upepo wa moto, kijiko kimoja cha mafuta kinatosha, baba atakula viazi vya kulia mdomoni na presha haitajua kitu.

Kitu cha bei kama kile hakikai jikoni pamoja na masufuria yenye masizi. Getruda alikiweka sebuleni, kando ya televisheni, akakivalisha kitambaa cha kufuma cha maua mekundu. Kilikaa hapo wiki nzima kikipokea wageni. Mwenyekiti wa jumuiya alipita akakisifu, akidhani ni redio.

Siku ya kwanza ya kukitumia, Getruda alifanya kama anavyofanya kila mwanamke aliyelelewa vizuri: alijaza. Kwao chombo kisichojaa ni aibu, mgeni atasemaje. Akamenya viazi, akavikata, akavishindilia kwenye ile droo mpaka ikakataa kufunga, akaisukuma kwa goti. Mashine ikanguruma. Ikatoa mvuke. Ikalia kengele yake ndogo kwa furaha, na Getruda alipovuta droo akakuta viazi vya juu vimenyauka, vya katikati vimeshikamana bonge moja, vya chini vibichi na vimelowa jasho. Ambrosi alikula kimoja kwa adabu, akaomba raba zake.

Getruda akampigia binti yake. Elieth akacheka, kisha akasema adui wa eafraya ni maji. Kiazi kina maji mengi ndani yake, na maji yakibaki hakikauki, kinachemka. Hilo tu. Alitaka kuongeza mengine lakini bosi wake akaingia, akakata simu.

Maji, basi? Hapo ndipo Getruda alipotabasamu kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Unamfundisha Mnyamwezi kutoa maji kwenye kiazi? Yeye amekulia Lusu. Amekulia juu ya majabali, yeye na mama yake na shangazi zake, wanakata viazi vitamu vipande vyembamba na kuvianika juani mpaka vikauke kau, vikaitwa michembe, vikawekwa ghalani vikangoja njaa ije ivikute. Kama adui ni maji, alisema peke yake, adui huyu mimi namjua mpaka ukoo wake.

Akakata viazi ulaya ndoo nzima, akavipanga juu ya bati la banda la kuku. Jua la Tabora la mwezi wa tisa halitanii. Vikajikunja. Vikawa vyeusi kwanza, kisha vya rangi ambayo sijui jina lake, kisha vikawa vigumu kiasi kwamba kuku walivionja wakaviacha, na kuku wa Isevya wanakula mpaka sabuni. Jirani mmoja aliuliza kama ni dawa ya tumbo. Getruda akaendelea kuvigeuza, alikuwa mtu mwenye ushindi mkononi.

Asubuhi ya siku aliyoichagua alivitia kwenye eafraya, na safari hii hakuvishindilia kwa goti. Akawasha. Vile vipande vilikuwa vyepesi, na upepo ulikuwa mkali, basi vikanyanyuka vyote kwa pamoja na kuanza kuzunguka humo ndani vikigonga kuta. Nyumba ikajaa mshindo. Ambrosi akauliza kutoka chumbani kama inanyesha mvua ya mawe.

Aliletewa sahani. Akavitazama viazi, akamtazama mke wake, akaona jinsi alivyosimama pale na matumaini yote usoni, na hapo, mimi nasema, Ambrosi alionyesha mapenzi makubwa kuliko ya siku ya ndoa. Alichukua kipande, akakitia mdomoni, akauma. Kikasikika kitu kikivunjika, na hakikuwa kiazi. Mzee akatoa meno yake ya bandia ya juu, akayaweka kwenye kisahani cha kikombe. Yalikuwa mapande mawili.

"Mama Elieth," akasema kwa midomo iliyoingia ndani, "hivi ni vya kula au vya kujengea?"

Kisha akaenda kutembea. Hakuwa na meno lakini miguu alikuwa nayo.

Habari iliyorudi mchana ilikuwa mbaya kuliko zote. Zamda alikuwa amemwonea huruma, akamchagulia viazi laini, akaviponda kwa kijiko, akavilainisha kwa supu, na Ambrosi akala kibandani mbele ya watu kama mtoto anayeanza uji. Jioni Zamda akapita kwa makusudi mbele ya uzio wa Getruda, akasimama, akauliza kwa upole sana: "Mke mwenzangu, mtoto wetu huyu, kadi ya kliniki tuandike jina la mama gani, langu au lako?"

Mtaa uliangua kicheko. Utani ulikuwa mzuri, tusidanganyane, hata mimi nilicheka. Getruda akafungua mdomo amjibu, na badala ya maneno yakataka kutoka machozi. Akajifanya mboga inaungua, akaingia ndani, akafunga mlango, akalia kwenye kitenge chake bila sauti. Alilia kwa hasira kwanza, halafu hasira ikaisha akaendelea kulia. Hakuwa analilia meno, wala Zamda. Alikuwa anamwona Ambrosi kwenye kigoda cha Lusu.

Ila Getruda hawezi kulia muda mrefu karibu na jiko, mikono yake haina tabia hiyo. Akiwa anajifuta macho alianza kujilaumu, kwamba michembe ni ngumu kwa mwenye meno yake, sembuse ya kununua. Kwao wazee vibogoyo hawapewi michembe, wanapewa matobolwa. Akakiachia kitenge hapohapo. Matobolwa si kama michembe. Kiazi kinachemshwa kwanza, ndipo kinakatwa na kuanikwa, na ukikiuma nje kinakaza na ndani kinabaki laini kama kilivyotoka chunguni. Kiazi kile kimepita majini kwanza, ndipo kikakutana na jua. Mama yake hakuwahi kuanza na jua kwa mtu asiye na meno.

Basi akangoja meno yatoke kwa fundi. Yalirudi na mshono katikati, Ambrosi akicheka unauona. Asubuhi ya kesho yake Getruda aliamka mapema, akamenya viazi, akavikata vipande vya kuingia mdomoni mara moja, akavichemsha na chumvi kidogo mpaka kisu kikaanza kupenya, akavitoa kabla havijalegea. Akamwaga maji, akaviacha sufuriani bila kifuniko mvuke uondoke zake. Kisha akafunika, akashika sufuria kwa vitambaa, akalitikisa mpaka kingo za viazi zikachubuka na kufanya unga. Kijiko kimoja cha mafuta. Kitunguu saumu kilichopondwa, pilipili manga. Halafu likaja lile gumu kuliko yote: akavipanga kwenye droo safu moja tu, vimeachana, chombo kikabaki nusu tupu. Moyo ulimuuma kwa aibu, akaangalia dirishani kama kuna anayemwona.

Mashine ikanguruma. Katikati ya safari alivuta droo akavigeuza, akasikia vinakwaruza chuma, mlio mkavu. Alipovitoa mara ya mwisho vilikuwa vya rangi ya dhahabu, kingo zimeiva zaidi, na alipokibonyeza kimoja kwa kidole kikasema kra.

Ambrosi alikuwa kwenye kochi, raba mkononi, anangoja kuvalishwa. Harufu ikamfikia. Akaziweka raba chini bila kuambiwa, akaja mezani. Akakichunguza kiazi cha kwanza kwa pande zote, akakigonga kwenye meza, mtu akishaumwa na nyoka lazima aogope ung'ongo. Akakiuma kwa upande mmoja wa mdomo. Kra. Akafumba macho. Akachukua cha pili kabla ya kumeza cha kwanza, na Getruda, amesimama palepale pake na mikono kifuani, akaanza kumwambia atapaliwa, akajizuia katikati ya neno.

Zamda huko kwenye karai aliona saa ya mteja wake imepita. Mtani hapigi hodi. Aliingia moja kwa moja mpaka mezani, akanyoosha mkono kwenye sahani ya Ambrosi, akala kimoja, akala cha pili, akakunja uso kama anayetafuta kosa. Alipolikosa akageukia kazi aliyoijia. Akasema amekuja kumchukua mume wake, amechoka kumwazima.

Ambrosi akamtazama mkewe haraka, kama mtu anayetazama sufuria linalotaka kufurika. Getruda alikuwa anatazama sahani. Vilibaki viazi vichache, na vyote vilikuwa vyake, alivipika yeye, na mumewe alikuwa amekaa.

"Mchukue," akasema. "Mchukue leo hii. Lakini beba mzigo mzima, usichague. Beba na kukoroma kwake, kuku wangu hawatagi kwa sababu yake. Beba na soksi zake, mbu wenyewe wamezikimbia. Jumapili umpeleke kanisani ukamsikie anavyoimba, maana kwaya yetu imeshaomba tumhamishie kwa Wamoraviani."

"Na meno?" Zamda akauliza.

"Meno nabaki nayo. Nimeyavunja mwenyewe, ni mali yangu."

Ambrosi alianza kucheka taratibu, mabega kwanza. Kisha kicheko kikamshinda, akacheka mpaka yale meno yenye mshono yakataka kutoka, akayazuia kwa kiganja, akacheka nyuma ya kiganja huku machozi yanamtoka. Zamda akampigia Getruda makofi, ameridhika kama mtu aliyerudishiwa rafiki, akazoa viazi vya mkono mmoja akisema anawapelekea wanawe. Wanawe wote wako Dar. Akaondoka navyo, anatafuna njiani.

Ambrosi akajifuta uso kwa upindo wa shati, akavitazama viazi vilivyobaki. Getruda alidhani atasema habari za soksi.

"Kule kwa Zamda nilikuwa nafuata kuchekwa," Ambrosi akasema. "Hapa ulikuwa unanililia, Mama Elieth. Na mimi bado sijafa."

Woga haukuwa umemtoka Getruda, ulikuwa palepale chini ya titi, na alijua kesho ataamka nao na keshokutwa ataamka nao. Akavuta kiti, akaketi mbele ya mume wake, akajimiminia chai. Akaisukuma ile sahani mpaka ikagusa mkono wa Ambrosi.

"Kula basi, marehemu," akasema. "Vinapoa."

Marehemu akala, akaomba na vingine.